Mgeni Anayekuja na Upepo

Anayesafiri kwa tanga hawezi kumwahidi mwenyeji wake siku wala saa ya kufika. Anaweza kumtajia mwezi, na akiwa mzoefu anaweza kumtajia ni wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, au wa maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, lakini yaliyobaki ni ya upepo na mkondo, na mwenyeji anayeijua bahari haulizi zaidi. Nilikaa msimu mzima katika mashua ya mjomba wangu, tukipanda na kusi kutoka Unguja hadi Lamu na kushuka na kaskazi, na nia ya safari ilikuwa moja tu: kuwaona marafiki zake wa bandarini. Karibu yote niliyojifunza, tangu namna ya kutumia kopo la maji hadi namna ya kuaga, yalitokana na hali hiyo ya kuwa mgeni asiyemiliki siku zake.

Mjomba alikuwa nahodha wa majahazi ya mizigo tangu ujana wake. Alibeba boriti, chokaa, nazi, samaki wakavu na chochote ambacho mfanyabiashara alitaka kivuke, na katika kila bandari alikuwa na mtu wake. Mtu huyo hakuwa wakala wa kuandikiana mikataba. Ndiye aliyemtunzia barua, aliyemkopesha fedha za chakula mzigo ulipochelewa, aliyemlaza nyumbani kwake homa ilipomshika, na ambaye watoto wake walikua wakimwita ami. Malori na meli zilipochukua sehemu kubwa ya mizigo ya pwani, majahazi yalipungua naye akashuka chomboni. Simu zilikuwapo, na kila Idi walipigiana, lakini mjomba hakukubali kwamba watu waliowahi kula sinia moja wazeeke na kuagana kwa simu. Akaitengeneza upya mashua yake yenye mlingoti mmoja, tanga la pembe tatu, sitaha fupi upande wa tezi, yaani nyuma, na injini ndogo ya kufungwa nyuma ambayo aliikubali kwa ajili ya kuingilia na kutokea bandarini tu. Tulikuwa watatu: yeye, mimi mpwa wake, na kijana mmoja wa Tumbatu, kisiwa ambacho watu wake wanasifika kwa ubaharia, na ambaye amekulia vyomboni.

Tuliondoka mwezi wa Agosti. Kusi huanza kuvuma Aprili pamoja na masika, na miezi ya Juni na Julai huwa kali kiasi cha kukichosha chombo kidogo na watu wake. Kuanzia Agosti, katika kipindi ambacho mabaharia hukiita demani, upepo ni ule ule lakini umelegea, na bahari inaruhusu mtu kupika na kulala. Kaskazi huingia Desemba na kudumu hadi Machi, na kati ya pepo hizo mbili kuna wiki za upepo mwepesi na shwari ambazo chombo hukaa mahali kikisubiri. Juu ya hayo kuna mkondo wa bahari unaokwenda upande wa kaskazini katika pwani yetu karibu mwaka mzima. Wakati wa kusi, hasa kati ya Pemba na bara, unaweza kufikia kasi ya kiasi cha kilomita saba kwa saa, na chombo kisicho na upepo wa kutosha hupitishwa bandari yake huku mabaharia wakiiona ikibaki nyuma. Ndiyo sababu ya kupanda na kusi na kushuka na kaskazi, na ndiyo sababu ziara nzima ilihitaji zaidi ya nusu ya mwaka ingawa masafa yenyewe, kwa gari, ni ya siku chache.

Ndani ya mashua hakuna kona ya mtu. Nguo zangu zilikuwa katika mfuko usiopitisha maji, na mfuko huo ndio uliokuwa mto wangu usiku. Jiko lilikuwa sanduku la mbao lililojazwa mchanga, juu yake seredani ya mkaa, nalo lilihamishwa kila tanga lilipohamishwa ili cheche zisipeperukie kwenye kitambaa. Maji matamu yalikuwa katika madumu ya lita 20 yaliyofungwa kwenye shina la mlingoti, na mjomba peke yake ndiye aliyetoa ruhusa ya kufungua dumu jipya. Tulioga maji ya chumvi, kisha tukajisuuza kwa kopo moja la maji matamu. Wali ulipikwa kwa maji matamu yaliyoongezwa kidogo ya bahari, na kwa hiyo chumvi haikununuliwa. Kila chombo cha mbao huvuja, hata kikiwa kizuri, na maji hukusanyika ngamani, yaani chini kabisa ndani ya chombo. Kuyafua, yaani kuyachota na kuyamwaga nje, ilikuwa kazi ya kila alfajiri na ya kila jioni, na aliyeamka kwanza ndiye aliyeshika upo wa kuchotea bila kusubiri kuambiwa. Methali ya waenda tezi na omo, marejeo ngamani, nilikuwa nimeisoma shuleni pamoja na maelezo yake yote, lakini sikuwahi kuinama ngamani hadi mwaka ule.

Kulikuwa na mambo ambayo mtu wa nchi kavu hawezi kuyafikiria hadi ayaone. Katika pwani yetu kibla kiko karibu kaskazini kamili, na mjomba alikipima kwa dira iliyowekwa karibu na usukani. Chombo kilichotia nanga hugeuka maji yanapobadilika, na pale upepo na mkondo vinapopingana kinaweza kugeuka mtu akiwa katikati ya swala. Mjomba alitufundisha kugeuka nacho taratibu kadiri tuwezavyo, na wakati wa swala ulipokuwa mpana, kusubiri kwanza maji yasimame. Alitufundisha pia kwamba neno la hasira halisemwi chomboni. Mwenye lake la kusema alilihifadhi hadi miguu ikanyage mchanga, na aghalabu tulipofika mchangani neno lenyewe lilikuwa halina uzito tena. Nadhani kanuni hii ndiyo iliyotuwezesha watu watatu wa rika tofauti kuishi katika nafasi isiyozidi chumba kimoja kwa muda wote ule.

Kutia nanga hakukuwa ruhusa ya kushuka. Kwanza tulichagua alama mbili za nchi kavu zilizolingana, mnazi na pembe ya nyumba kwa mfano, na tukaziangalia kwa muda ili tujue kama nanga imeshika au inakokota. Kisha tulioga, tukavaa nguo safi, na kijana wa Tumbatu akatangulia kwa kihori, mtumbwi mdogo, akiwa na salamu na kitu mkononi. Simu tulikuwa nazo na tulizitumia, lakini mjomba alisisitiza kwamba mtu aende kwa miguu yake mlangoni, apige hodi, aseme kwamba nahodha fulani yuko bandarini na atakuja baada ya swala ya Alasiri au ya Isha. Mgeni asiyeweza kutaja siku ana wajibu wa kumpa mwenyeji angalau saa chache: za kufagia ukumbi, za kumtuma mtoto dukani, na za kumaliza jambo lililokuwa mikononi. Na kitu kilichotangulizwa kilikuwa daima kimetoka bandari iliyopita, wala hakikununuliwa pale pale. Samaki wakavu wa Nungwi walikwenda Pemba, halua ya Pemba ilikwenda Wasini, na kahawa ya Mombasa ilikwenda Lamu. Mjomba aliamini kwamba chombo cha tanga kina thamani kwa mwenyeji kwa sababu kinaunganisha bandari, na mgeni anayefika mikono mitupu ameyavuka maji yote yale bila kuleta chochote kutoka upande wa pili.

Wete tulifika katikati ya msimu wa karafuu. Anayeijua Pemba anajua maana yake: mikeka imetandazwa uani na kando ya barabara, watu wako juu ya mikarafuu tangu asubuhi, na usiku familia nzima hukaa kuchambua, yaani kuzitenga karafuu na makonyo yake, kwa kuwa mavuno ya leo yanatakiwa yaanikwe kesho jua likitoka. Ukipima kwa hesabu za mjini ulikuwa wakati mbaya kabisa wa kumtembelea mtu. Rafiki wa mjomba, mzee mwenye mikarafuu michache na wajukuu wengi, alitaka kuacha kazi ili akae nasi barazani. Mjomba hakumruhusu. Alikunja mikono ya kanzu, akaketi kwenye jamvi, akavuta fungu la karafuu mbele yake, nasi tukafuata. Watu husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mjomba hakuingoja siku ya tatu.

Nimewahi kukaa katika maongezi mengi ya wazee, lakini yale ya usiku wa karafuu yalikuwa na uhuru ambao barazani haupatikani. Mikono ikiwa na kazi, mtu hahitaji kumtazama mwenzake usoni anapotaja jambo zito. Wazee hao wawili walizungumza juu ya mzigo ulioharibika na namna hasara ilivyogawanywa, juu ya mwanawe mzee aliyekwenda Omani na kukaa kimya kwa muda mrefu, juu ya maradhi. Wajukuu walisikiliza mambo ambayo, bila shaka, hawakuwahi kuambiwa. Tulikaa Wete hadi mikarafuu ya mzee ilipomalizika kuchumwa, na tulipoondoka mke wake alitupakilia halua, ndizi na embe za kuchovya chumvi. Karafuu hatukuchukua hata punje moja, kwa sababu biashara yake Zanzibar iko chini ya shirika la serikali na kuivusha kwa magendo ni kosa, na mjomba hakutaka mwenyeji wake aulizwe lolote kwa ajili ya wageni aliowapokea.

Baada ya kukamilisha karatasi za upande wa Tanzania tulivuka usiku hadi Shimoni, Kenya, ambako tuliripoti uhamiaji na forodha. Mbele ya Shimoni kuna kisiwa cha Wasini. Kisiwa hicho kimejaa mawe ya matumbawe, hakina mto, na kwa vizazi vingi watu wake wamevuna mvua katika birika za kuhifadhia maji na kuagiza maji kutoka Shimoni kwa mashua mvua inapokosekana. Mjomba aliyajua hayo tangu zamani. Kabla ya kuvuka mlango ule mwembamba alituamuru tununue maji Shimoni na kujaza kila dumu tulilokuwa nalo, pamoja na mengine tuliyoazima, hata mashua ikakaa chini kama imebeba saruji. Tulipofika hakusema kwamba ni zawadi. Alimwambia mwenyeji wake kwamba vyombo vimekuja kuwekwa kivulini, na madumu yakabebwa hadi birikani moja baada ya jingine bila maneno mengi.

Katika siku zote tulizokaa Wasini hatukunywa wala hatukuoga maji ya kisiwa. Tulipoalikwa chakula, mjomba alinawa baharini kabla ya kupanda njia ya kwenda nyumbani ili birika la kunawia lipite mkononi mwake kwa kuguswa tu, kwa kutimiza adabu ya mwenyeji bila kumpunguzia. Nilimwuliza kwa nini hakumweleza rafiki yake waziwazi. Akaniambia, «Mwanangu, ukimwambia mtu unamwonea huruma kwa maji, kesho atakuogesha kwa ndoo nzima ili akuonyeshe anayo.» Namwamini. Nimeona baadaye wageni wenye nia njema, wa nchi kavu, wakisifu uvumilivu wa watu wa kisiwa huku wakimwaga maji ya kunawia kwa ukarimu wa mtu mwenye bomba, na nimeona wenyeji wakitabasamu na kunyamaza.

Mombasa tulitia nanga katika Bandari ya Kale, chini ya Mji wa Kale, si mbali na Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Mjomba alisimama muda mrefu akiitazama bandari ambayo katika ujana wake ilikuwa imejaa majahazi ya Lamu, ya Somalia na ya Ghuba yaliyoshuka na kaskazi, na ambayo sasa ilikuwa na vyombo vichache tu. Kibokoni, mtaa wa Mji wa Kale, tulipokewa kwa mahamri na mbaazi na kahawa chungu. Kisha kusi ikachafuka, ikarudi kuwa kama ya Julai, na kutoka katika bandari ile ni lazima chombo kielekee kwanza bahari kuu, karibu uso kwa uso na upepo huo. Tukakaa.

Tukiwa hapo ikaja habari kwamba rafiki wa mjomba wa Takaungu, yule aliyemsubiri kuliko wote, ameshikwa na maradhi na hali yake si nzuri. Nilidhani mjomba ataamua kutoka bandarini kwa injini kisha atweke tanga, kwa kuwa tangu mwanzo alikuwa amesema kwamba kila rafiki atafikiwa kwa tanga. Hakulifikiria hilo hata kidogo. Alivaa kanzu, akachukua fedha kidogo, akamkabidhi kijana wa Tumbatu zamu ya nanga, akaniambia nibaki, akapanda matatu ya kwenda Kilifi. Alishuka njia panda ya Takaungu akamaliza kwa bodaboda. Alikaa na rafiki yake usiku huo, wakazungumza, na kesho yake alikuwa miongoni mwa waliomzika.

Aliporudi alitueleza machache. Katika mazishi yetu husimama mtu wa familia na kutangaza kwamba mwenye kumdai marehemu ajitokeze. Mjomba alisimama akasema mbele ya watu kwamba kati yake na marehemu kulikuwa na mikopo isiyohesabika ya kwenda na kurudi, kwamba hakuna kilichobaki, na kwamba kama kuna kilichobaki upande wa marehemu amekisamehe, na kama kipo upande wake yeye yuko tayari kukilipa kwa watoto. Mwana mkubwa akamjibu kwamba baba yao aliwaambia hivyo hivyo. Sisi huzika mapema, aghalabu siku ile ile, na chombo cha tanga kisingewahi kwa vyovyote. Nililazimika kuitafakari upya safari nzima. Nilikuwa nimeanza kuipenda mashua kiasi cha kuiona kuwa ndiyo safari yenyewe, kumbe kwa mjomba ilikuwa chombo cha kumfikishia watu, na pale iliposhindwa kumfikisha aliiacha ikining'inia kwenye nanga bila kuitazama nyuma.

Kusi ilipotulia tulikwenda Kilifi na kutia nanga ndani ya mkono wa bahari, mahali penye kina na utulivu, na kutoka hapo tukarudi Takaungu kuhani rasmi. Mjane alikuwa edani, miezi minne na siku kumi, kwa hiyo salamu na mchango wetu vilipitia kwa wanawe. Hatukukaa sana. Nyumba ya msiba ina wageni wa kutosha, na mgeni anayeishi chomboni ana nafuu ya kuwa na mahali pake pa kulala, basi aitumie.

Hapo Kilifi kulikuwa na mashua za matanga za Wazungu wanaozunguka bahari za dunia, na mume na mke mmoja waliokuwa jirani yetu wa nanga walikuja kutusalimu. Tuliwapa ndimu na samaki, nao wakatupa kamba nzuri ya nailoni iliyobaki kwenye matengenezo yao. Mjomba aliwauliza namna wanavyokutana na jamaa zao. Walijibu kwamba huwaambia wachague kimoja, mahali au siku, kwa sababu mtu wa tanga hawezi kuahidi vyote viwili. Jibu hilo lilimfurahisha sana mjomba, akalirudia katika kila bandari iliyofuata. Malindi hatukukaa, tulipita tu na kumsalimu mtu mmoja sokoni. Nitasema tu kwamba mji ule umo katika historia kwa sababu mwaka 1498 mfalme wake alimpa mgeni kutoka Ureno, Vasco da Gama, rubani wa kumvusha hadi India, na kwamba yaliyofuata baadaye pwani yetu hayakuwa malipo ya ukarimu ule.

Lamu tulikaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote, tukisubiri upepo ugeuke. Mwenyeji wetu alikuwa fundi wa vyombo wa Matondoni, kijiji cha kisiwa hicho kinachojulikana kwa uundaji wa majahazi, na mara ya kwanza alipoipanda mashua yetu hakuketi. Aliizunguka akigonga mbao kwa kifundo cha kidole, kisha akamwambia mjomba kwamba haendi popote hadi mashua ipwelezwe, yaani iachwe juu ya mchanga maji yakipwa ili itengenezwe.

Kazi hiyo hupangwa kwa mwezi. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji katika pwani hii hujaa kiasi cha saa kumi, alfajiri na alasiri, na kupwa kiasi cha saa nne, asubuhi na usiku, na tofauti kati ya kujaa na kupwa inaweza kukaribia mita nne. Tuliiingiza mashua ufukoni maji yakiwa yamejaa, tukaizuia kwa magogo pande zote mbili, na yalipopwa ikabaki imesimama juu ya mchanga. Hapo ndipo saa za kazi zilipoanza, nazo ni chache. Tulikwangua uchafu wa baharini uliogandamana ubavuni, tukachoma makuti chini yake ili moshi na joto viue wadudu wanaotoboa mbao, mafundi wakatia kalafati kwa pamba iliyolowekwa mafuta, wakiishindilia katika kila mshono uliolegea, na mwisho tukapaka deheni, mchanganyiko wa chokaa na mafuta ya mnyama, kwa viganja vya mikono. Maji yalipotufikia magotini tuliacha. Kesho yake tuliendelea, saa moja hivi baadaye kuliko jana, kwa sababu maji huchelewa kiasi cha dakika 50 kila siku. Vijana wa kijiji walikuja bila kuitwa. Hakuna aliyetaja malipo, na mjomba alituonya tusiyataje.

Malipo aliyapanga kwa namna yake. Katika wiki zote hizo sahani zilikuja chomboni kutoka nyumba ya fundi, zimefunikwa kawa, na hatukurudisha hata moja tupu. Kulikuwa na samaki, au ndimu, au sukari. Lakini hilo halikumtosheleza. Mashua ilipokwisha kuelea tena, safi na haivuji, aliwaalika fundi na vijana wote waliofanya kazi waje kula kwake, yaani juu ya sitaha ile ile fupi na mikeka iliyotandikwa hadi omo. Tulipika tangu asubuhi kwa zamu katika sanduku letu la mchanga: wali wa nazi, mchuzi wa nguru, pweza, na kachumbari. Sinia za kwanza zilipelekwa kwa kihori nyumbani kwa mke wa fundi na jirani zake, na baada ya hapo ndipo wanaume walipokaribishwa kupanda. Fundi alivua viatu kwenye kihori kama mtu anayeingia nyumba ya watu, akakaa alipoonyeshwa. Kwa wiki nyingi tulikuwa wageni wake, na jioni ile alikuwa mgeni wetu. Niliona kwamba lilimgusa, maana mabaharia wengi hula katika nyumba za bandarini miaka na miaka, na kwa kuwa chombo si nyumba kwa macho ya watu, hakuna anayetarajia mwaliko wa upande wa pili. Ningependa kila anayeishi chomboni, awe na mashua ya laki chache au ya mamilioni, alipike sinia hilo.

Kuaga nako kuna utaratibu. Chombo hutoka maji yakijaa, na siku za bamvua hilo ni alfajiri kabla ya adhana, saa ambayo si haki kumwamsha mzee. Kwa hiyo mjomba aliaga usiku uliotangulia, baada ya Isha, akiwa amekwisha kula na kunywa kahawa, na aliaga mara moja tu, bila kurudia mlangoni. Watoto aliwaita mmoja mmoja kwa majina na kuwataka namba zao za simu, na mimi akaniamuru niandike. Zamani, alisema, namba ilikuwa ya baba, nao watoto walimjua mgeni kwa sura. Siku hizi baba akiondoka, simu huzimwa na njia hupotea.

Kaskazi ilipoimarika tulishuka haraka, anga ikiwa safi na tanga likiwa upande mmoja kwa saa nyingi. Tulisimama Kilifi kuwajulia hali watoto wa marehemu. Wasini tulikuta kiangazi kimeanza kubana, na safari hii mwenyeji hakujifanya kwamba madumu yamekuja kuwekwa kivulini. Alituma vijana wayapokee ufukoni na akatuambia waziwazi ni mangapi yangemtosha hadi mvua. Mjomba alifurahi kuliko alivyofurahi kwa chakula chochote alichopewa katika safari ile.

Msimu huu mjomba hatasafiri, kwa sababu ya magoti yake, na ametukabidhi mashua mimi na kijana wa Tumbatu. Ipo Nungwi juu ya mchanga, ikibadilishwa mbao mbili za ubavu wa kushoto, na tukijaliwa tutatoka demani. Nimekwisha kuzipigia namba zote nilizoandika na kuwatajia wenye nazo bamvua tunayoilenga, bila siku. Mzee wa Wete ameomba tufike kabla ya uchumaji kwisha. Mwana mkubwa wa Takaungu anataka apande nasi kutoka Kilifi hadi Lamu. Mwenyeji wa Wasini amesema tangi lake la plastiki limepasuka, na ameuliza kama tunaweza kumvushia jipya kutoka Shimoni, la lita 500. Nimepima nafasi kati ya mlingoti na sitaha, nalo litaingia likilazwa ubavu.